Kusoma Wakati Maji Yanachemka

Mmekuja na madaftari yenu, nayaona, na nyuso za watu waliotoka kazini moja kwa moja bila kupita nyumbani. Kaeni. Ninyi mnaoshinda kwenye meza za watu mchana kutwa halafu mnataka na shahada juu yake, maneno haya ni yenu. Wale wanaosomeshwa na baba zao, wanaolishwa na kulazwa bwenini, wasikilize wakipenda. Na anayesinzia asinzie bila aibu. Mimi niliwahi kulalia kitabu mpaka wino wa picha ya mbavu ukahamia shavuni, nikaenda kazini hivyohivyo, na mgonjwa mmoja akaniuliza kama hizo ni chale za ukoo wetu.

Nilikuwa dresa katika hospitali moja mjini Mwanza, enzi za Mwingereza. Dresa ndiye mfunga vidonda. Unaosha usaha, unafunga bendeji, unachemsha vyombo, unamshikilia mtu mguu wakati daktari anaukata. Niliingia nikiwa kijana wa darasa la nne, nimetoka vijiji vya upande wa Bujora. Nilipofikisha miaka ishirini na tisa nilikuwa na mke, binti mmoja, na miaka minane ya vidonda. Vita vya Hitla vilikuwa vimeanza, madaktari wengine wamechukuliwa huko, na ndipo ikaja habari kwamba dresa aliyekaa kazini muda wa kutosha anaweza kufanya mtihani wa mganga msaidizi. Ukishinda unapewa zahanati yako, unapima wagonjwa mwenyewe, unaandika dawa. Ukishindwa unaruhusiwa kurudia mara moja tu. Baada ya hapo ni bendeji mpaka uzeeni.

Mtihani wenyewe ulikuwa wa Kiingereza, na kitabu chake kilikuwa kimoja, kinene kama tofali la kuchoma. Nilikiagiza kwa posta nikakingoja miezi. Kilipofika nilikibusu. Laiti ningejua.

Nilianza kama mnavyoanza wote, kwa kusoma usiku baada ya kazi, na taa yenyewe mafuta yake yalikuwa ya kutafutwa. Sitawapotezea muda na habari za usiku huo, kwa sababu hakuna kilichotokea. Nilisoma ukurasa mmoja mara kumi na moja. Asubuhi nilikuwa nimesahau na jina langu.

Aliyenitoa huko ni Bwana Pranlal, mchanganya dawa wetu, Mhindi mzaliwa wa Mwanza, mtu mwembamba aliyevaa miwani ya fremu ya waya. Kisukuma alikijua kuliko mimi nilivyokijua Kiingereza. Cheti chake cha dawa alikipata akiwa amesimama nyuma ya kaunta ya duka la nguo la baba yake, anapima kitambaa kwa mkono mmoja na kufunua kurasa kwa mwingine. Siku moja akaniita kwenye dirisha la dawa.

"Masanja, kitabu umefika wapi?"

"Ukurasa wa kumi na nne, Bwana Pranlal."

"Na mwezi uliopita ulikuwa wapi?"

"Ukurasa wa kumi na nne."

Hakucheka. "Kilete."

Nikakileta kesho yake, nimekifunga kwenye kitambaa safi. Akakiweka juu ya meza ya marumaru anakosagia dawa, akakifungua katikati, akakibonyeza mgongo mpaka ukalia, kisha akachukua kisu cha daktari akaanza kukikata. Wanangu, nilipiga ukelele kama nimekatwa mimi. Yeye hata hakuinua macho. Alikata, akahesabu kurasa, akakata tena. Alipomaliza akachukua sindano na uzi wa kushonea vidonda, uzi wa zamani ambao ulikuwa utupwe, akashona kila fungu ubavuni. Vipande thelathini na viwili. Kila kimoja kinaingia mfuko wa shati.

"Sasa huna kitabu tena," akasema. "Kitabu kinamtisha mtu aliyechoka. Kipande hiki kinakutisha?"

Nikakitazama. Kilikuwa chembamba kama chapati. "Hapana."

"Kwa siku unachemsha vyombo mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Kila mara dakika ngapi?"

"Ishirini."

"Na maji yakichemka, wewe unafanya nini?"

"Nayatazama."

"Yanahitaji kutazamwa?"

Hapo ndipo niliposomea udaktari wangu, wanangu, mbele ya sufuria. Dakika ishirini mara tatu, na nusu saa nyingine alfajiri kabla ya kutoka nyumbani Kirumba, kichwa kikiwa bado hakijajazwa shida za watu. Na Bwana Pranlal akaniongezea sharti moja: nisifungue kipande kabla ya kujiuliza swali. "Usiingie sokoni hujui umetumwa nini," alisema. "Andika swali juu ya ganda la kipande, halafu ingia ulitafutie jibu. Ukilipata, toka." Mpaka leo nikichukua hata gazeti najiuliza swali kwanza. Wajukuu wananicheka.

Ila na mimi nilizidi. Siku moja nilikuwa nimezama kwenye kipande cha moyo, natafuta damu inaingilia wapi na kutokea wapi, nikasikia harufu. Maji yalikuwa yamekauka zamani. Mabomba mawili ya sindano, ya kioo, yamepasuka, na vyombo vimekuwa vyeusi kama vya kuchomea mahindi. Sista mkuu wa Kiingereza akaingia kwa hatua zake fupi za haraka. Akainua kimoja kwa ncha za vidole.

"Masanja. Hii ni nini?"

"Ni koleo, Sista."

"Ilikuwa koleo," akasema.

Nilisugua sufuria kwa majivu na mchanga wiki nzima. Bwana Pranlal alipopita akadondosha gololi moja kwenye maji yangu. Gololi ya kioo, ya watoto. Maji yakiwa mengi inacheza polepole, yakipungua inagonga chuma kwa kelele mpaka wodi ya tatu. Sikuunguza tena. Nawaambia hivi kwa sababu najua mmoja wenu hapa atasoma kazini. Asome, lakini aweke gololi.

Sasa nitawaambia jambo ambalo silipendi.

Mke wangu aliitwa Minza. Hakuwa amekwenda shule hata siku moja. Alilima mihogo na karanga nyuma ya Kirumba, kwenye udongo kati ya yale mawe makubwa, na alikuwa na ulimi. Mwanzoni kusoma kwangu hakukumpa shida. Lakini vile vipande vilinifuata kila mahali. Nakula, kipo. Nanawa, kipo. Ananieleza habari za jirani, naitikia "ehe" huku nasoma.

Jumapili moja mchana nilikuwa nimekaa mlangoni penye mwanga, nina kipande cha homa ya malaria. Nilikuwa nakiimba. Dalili ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwa Kiingereza, macho nimefumba. Minza akaja akasimama mbele yangu.

"Baba Limi, kitabu kinasemaje kuhusu mtoto mwenye homa?"

Nikafurahi. Nilidhani hatimaye anapendezwa na masomo yangu. Nikamtafsiria: anakuwa moto, anatetemeka, hataki kula, anatapika, anazubaa.

"Basi inua macho," akasema.

Limi alikuwa amelala kwenye mkeka hatua tatu kutoka nilipokaa. Miaka minne. Alikuwa moto, anatetemeka, hajala tangu asubuhi, amezubaa. Alikuwa hivyo wakati wote niliokuwa naimba.

Nilimbeba mabegani nikakimbia naye mpaka hospitali, na Minza nyuma yangu. Alipona. Siku kadhaa masikio yake yalivuma kwa dawa ya kwinini, ukimwita hageuki. Na mimi kila nilipomwita asigeuke, niliyakumbuka yale macho yangu niliyoyafumba.

Wiki tatu baadaye nikafanya mtihani. Kuandika nilijikongoja. Kisha tukaingia mmoja mmoja kwa daktari mgeni aliyetumwa kutupima kwa mdomo. Akaniuliza kwa upole, "Mtu ameanguka kutoka juu ya marobota ya pamba, mkono umepinda. Utafanya nini?" Nikasimama wima nikamtajia mifupa ya mkono kwa Kiingereza, kuanzia begani, bila kukosea. Akasema asante. Nikadhani ananisifu, nikaongeza mifupa ya kiganja. Akasema asante tena. Nikamalizia na vidole.

Nilishindwa.

Nilirudi nyumbani kabla ya saa ya kurudi. Minza alikuwa barazani anabangua karanga.

"Wamekuuliza nini?"

"Mtu kavunjika mkono."

"Ukasemaje?"

Nikamwambia vilevile nilivyomwambia daktari, kwa Kiingereza, mpaka vidole. Alisikiliza mpaka mwisho, karanga zikilia tu kwenye ungo.

"Mimi ningekuwa ndiye huyo mwenye mkono," akasema, "ningekufa nikikungoja."

Nilikasirika, sitaficha. Nilimwambia yeye hajui kitu, hajasoma. Akasema, "Ndiyo. Na wagonjwa wako wangapi wamesoma?"

Nikavikusanya vile vipande nikavitia kwenye debe la mtama nikalifunika. Nilikuwa nimeamua kubaki dresa. Kazini mwenzangu mmoja alikuwa akisema kila siku kwamba mtu mwenye mke na mtoto akisoma anajizeesha tu, na siku hiyo nilimwona ana akili.

Vilikaa kwenye debe siku tisa. Siku ya kumi nilirudi kutoka kazini saa kumi alasiri nikavikuta vimepangwa barazani kwenye mstari, na Minza amekaa na ungo wake.

"Kaa," akasema. "Kuanzia leo, kila siku ukirudi, unanieleza kipande kimoja. Kwa Kisukuma. Nisipoelewa, hujaelewa. Jua likigusa ziwa tunafunga, unacheza na mwanao, na kitabu hakionekani tena mpaka alfajiri."

"Minza, mambo mengine hayana maneno kwa Kisukuma."

"Tafuta."

Basi nikatafuta. Hujui jasho mpaka umemweleza figo mtu anayebangua karanga. Mtu mwenye elimu ukimweleza vibaya anakusaidia, anajaza mapengo yako kwa adabu. Minza hakujaza hata tundu la sindano. "Kwa nini?" "Inatoka wapi?" "Sasa kama haitoki?" Nilijikuta kila asubuhi narudi hospitali nimebeba maswali yake badala ya majibu yangu, na Bwana Pranlal akawa anauliza, "Leo mkeo amekushika wapi?" Mwezi wa kwanza alinishika kila mahali. Nilikuwa nimejua maneno tu, na chini ya maneno palikuwa patupu.

Siku tulipofika kipande cha kuharisha kwa watoto wachanga, nilimweleza jinsi mtoto anavyokauka, maji yanavyomtoka mwilini kuliko yanavyoingia, na kwamba mama asiache kumpa kunywa hata akitapika. Karanga zikanyamaza. Kabla ya Limi tulikuwa na mtoto wa kiume. Alikaa nasi miezi saba. Wanawake wenzake walimshauri Minza asimpe maji mtoto anayeharisha, ili tumbo lipumzike, naye alitii. Mimi nilikuwa zamu.

"Yule wa kwanza," akasema, "ningempa maji, angepona?"

Ningeweza kumdanganya. Nilitazama ule mkono wake kwenye ungo.

"Labda," nikasema. "Wengi wanapona."

Akausogeza ungo pembeni. Kisha akasema, "Basi hiki rudia. Lakini usinieleze kama dresa. Nieleze kama mtu anayemkuta mama kabla hajachelewa. Na ukae chini. Umesimama mbele yangu kama karani wa kodi."

Nikakaa chini, nikarudia. Kile kipande tulikirudia siku nne.

Msidhani ilikuwa huzuni tupu. Kuna siku alicheka mpaka akamwaga ungo, nilipomwambia utumbo wa mtu ukinyooshwa unapita urefu wa nyumba yetu. Alitoka nje akaipima nyumba kwa hatua, akarudi akanitazama tumbo, akasema sasa anaelewa ugali unakokwenda.

Nilipata likizo mwaka huo, tukaenda kuwasalimu wazazi wake ng'ambo ya Busisi. Ilibidi kungoja chombo cha kuvuka pale Kigongo. Ufukoni palikuwa na fundi wa mitumbwi, mzee wa Kikerewe aliyeitwa Fundi Magesa, anachonga ubao kwa tezo. Nikamwamkia, "Shikamoo, fundi," akaitika "Marahaba," akatuambia chombo kitakawia, tukae kivulini. Minza alikuwa anamvua Limi viatu. Tukasikia tezo linateleza.

Lilikuwa limempiga mguuni chini ya goti, kwa ndani. Damu haikuchuruzika. Iliruka, ikapumzika, ikaruka, ikamlowesha mpaka kifuani. Watu wakakimbilia pale, kisha wakasimama. Na mimi, dresa wa miaka tisa, nilisimama nao. Hospitalini ningejua la kufanya kwa sababu kuna meza na beseni na daktari wa kuniamuru. Pale ufukoni kichwani mwangu zilifunguka kurasa tu, moja baada ya nyingine, na hakuna hata moja iliyosimama.

Minza akanishika mkono. Hakupaza sauti. Aliongea kama tupo barazani.

"Baba Limi. Damu inayoruka, uliniambia inatoka wapi?"

"Moyoni," nikasema.

"Na inapita wapi kufika pale?"

"Kwenye paja. Kwa ndani."

"Basi uzibe njia."

Mikono yangu ikaenda yenyewe. Nilipiga magoti mchangani nikakandamiza juu kabisa ya paja, pale mshipa unapopita, kwa uzito wangu wote, na damu ikapungua kuruka, ikaanza kuchuruzika. Minza akavua khanga ya juu akaipasua, tukafunga juu ya goti, tukakaza kwa kijiti. Kulikuwa na lori la pamba linarudi mjini. Tukampandisha juu ya marobota, nami nikakaa nimeshika kile kijiti. Kila baada ya muda Minza alisema, "Ulisema kilegezwe," nami nakilegeza kidogo, natazama, nakaza tena. Siku hizi labda mnafundishwa vingine, msinigombeze. Sisi tulifundishwa hivyo. Fundi Magesa njia nzima alikuwa akitaka kujua kama tezo lake limeokotwa.

Mguu ulibaki wake. Alitembea akichechemea, na kwa miaka mingi kila chombo kilichotoka upande ule kilileta fungu la samaki wakavu, ningu na sato. Mtu anayeleta alikuwa hatamki jina langu. Anasema, "Ni za mama mwenye maswali."

Mtihani wa pili ulikuwa wa mwisho kwangu, nikaingia nikiwa nimelala vizuri usiku wake. Hilo nalo lilikuwa sharti la Minza. Kuandika nilifanya hivi: kila swali nililijibu kwanza moyoni kwa Kisukuma, kama jioni barazani, ndipo nikatafuta Kiingereza chake. Kiingereza kilitoka kifupi, lakini kilikuwa kinasema kitu.

Wa mdomo daktari alikuwa mwingine, mzee, mwenye nyusi nene, Kiswahili chake kigumu lakini chaeleweka. Akasema, "Mama amekuletea mtoto anayeharisha. Umempima, umempa dawa. Mama amesimama anataka kwenda. Utafanya nini?"

Nikamwomba ruhusa ya kukaa chini.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mama huyu akikaa nami atanisikiliza, bwana mkubwa. Nikisimama ataitikia tu aondoke."

Akaniashiria kiti. Nikamweleza nitakavyosema. Kwamba mtoto anakauka, kama mche wa karanga uliochomwa jua, na mche ukikauka hatuuachi upumzike, tunaumwagia. Maji yachemshwe wakati ugali unapikwa, ili asihitaji kuni nyingine. Ampe kidogo kidogo, akitapika angoje kidogo ampe tena.

Yule mzee akaegemea kiti. "Mimi ndiye mama huyo. Nakuambia, bibi yangu alisema mtoto anayeharisha asipewe maji. Wewe ni nani kumpinga bibi yangu?"

Swali hilo sikulikuta kwenye kipande chochote. Nilimwona Minza na mkono wake kwenye ungo.

"Sitampinga bibi yako," nikasema. "Nitakuambia kwamba mke wangu naye alishauriwa hivyo, na mtoto wetu tulimzika. Nitakuambia hakumuua yeye, alimpenda, hakuwa ameambiwa. Lakini wewe sasa umeambiwa."

Daktari hakusema asante. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Nani amekufundisha kueleza hivi?"

"Mke wangu, bwana mkubwa."

"Ni muuguzi?"

"Hapana. Analima karanga."

"Anasoma vitabu vyako?"

"Hajui kusoma."

Akaandika kitu kirefu kuliko yote niliyosema. Sikujua ni kizuri au kibaya, na nilikaa na kutojua huko wiki saba.

Barua ilifika hospitali. Bwana Pranlal hakuniita dirishani; alitoka kwenye chumba chake cha dawa, jambo ambalo hakulifanya kwa mtu yeyote, akanikabidhi mkononi bila kuifungua, akasimama akitazama ukuta. Nikaisoma. Nikampa aisome. Akaisoma mara mbili, akasema, "Sasa kile kitabu tunaweza kukishona," kisha akageuka upesi, akarudi kwenye chupa zake.

Minza nilimkuta shambani. Nikamwambia nimeshinda. Akasimika jembe, akajifuta mikono, akaketi kwenye jiwe akalia mpaka Limi naye akaanza kulia bila kujua sababu. Halafu akanyanyuka akasema mstari aliokuwa akiulima haujaisha, tukaumaliza wote watatu.

Nikapewa zahanati Ukerewe, nje kidogo ya Nansio. Nyumba ya bati, kuta zimepakwa chokaa nyeupe, ziwa linaonekana mlangoni. Mimi ndiye daktari, nasalimiwa shikamoo na watu walionizidi umri. Jioni nikawa nafunga zahanati, naweka kiti nje, nanyoosha miguu, natazama maji. Nilikuwa nimesubiri miaka kunyoosha miguu hiyo.

Wiki ya kwanza ikapita. Wiki ya pili, jioni moja, Minza akatoka na ungo wa karanga, akakaa mkabala nami kama zamani. Akabangua kidogo. Akanitazama, akangoja. Nami nikamtazama, sikujua anangoja nini.

"Leo tunasoma nini?" akauliza.

"Mama Limi, tumemaliza. Si nimeshinda?"

"Wewe umeshinda," akasema. "Mimi umeniacha wapi?"

Aliuliza kwa sauti ileile ya kila siku, sauti ya kutaka kujua figo inafanya nini. Mtu huyu alikuwa amepita vipande thelathini na viwili vya kitabu cha Kiingereza kwa masikio yake, na mimi sikuwa nimemwonyesha hata herufi moja.

Nikaingia jikoni nikachukua mkaa. Nikamwita ukutani, kwenye ile chokaa nyeupe ya serikali, nikaandika M kubwa. Nikamwambia, hii ndiyo inayoanza jina lako. Akaweka ungo chini, akasogea karibu, akaipitia kwa kidole kutoka chini kwenda juu, chini tena, juu tena, chini.

"Ina miguu mingi," akasema. "Nipe huo mkaa."